Popo wa Nyumbani na Ngamia wa Ughaibuni



Sisi tuliokulia pwani tulizoea kuokota asubuhi kungu zilizotafunwa na popo usiku. Watoto wetu wanaolelewa hapa Doha wamemjua popo kwa habari za maradhi tu, nao hutuuliza, kabla ya likizo, kama ni salama kulala nyumbani kwa bibi penye miembe. Swali hilo lastahili jibu la haki.

Mwaka 2006 wataalamu waliwapima popo 221 nchini Kenya, na 41 miongoni mwao wakaonekana wana virusi vya jamii ya korona. Havikuwa vya namna moja. Vilikuwa vingi na mbalimbali, na baadhi vilikuwa na nasaba na kile cha SARS, maradhi yaliyozuka China mwaka 2002. Wingi huo una sababu. Kirusi cha korona kinapojinakili hukosea hapa na pale, na viwili vikikutana ndani ya seli moja huweza kubadilishana vipande. Nao popo ni jamii zaidi ya 1,400 duniani, na wengi huishi kwa makundi makubwa.

Hata hivyo, kuwa vingi si kuwa vyote hatari. Kirusi huhitaji ufunguo unaoingia katika kufuli la seli zetu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba popo mmoja wa Uganda alikutwa na kirusi kilicho ndugu wa MERS. Kilipojaribiwa, hakikuweza kuingia kwa mlango unaotumiwa na MERS. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kikisaidiwa na kimeng'enya huweza kuingia katika baadhi ya seli za binadamu. Basi tusitishike, wala tusipuuze.

Lililo karibu nasi zaidi ni ngamia. MERS ilitambuliwa mwaka 2012. Oktoba 2013, hapa Qatar, watu wawili wenye uhusiano na shamba moja waliugua. Ngamia 14 wa shamba hilo wakapimwa, na watatu wakakutwa na kirusi hicho. Damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1980 nayo ilionyesha kwamba walikwisha kuambukizwa zamani, kabla ugonjwa haujapewa jina. Wataalamu wanadhani asili yake ya mbali ni popo, lakini aliyetufikishia ni ngamia.

Kwa hiyo, tunapowapeleka watoto mashambani, tunawe mikono kwa sabuni baada ya kuwagusa ngamia, na tusinywe maziwa yao mabichi bali yaliyochemshwa. Wazee wetu wenye kisukari, maradhi ya figo au ya mapafu, afadhali wasiyakaribie mazizi kabisa. Theluthi moja hivi ya wagonjwa wa MERS waliotangazwa duniani wamefariki.

Na nyumbani, tuwakataze watoto kushika popo au kula embe lililotafunwa. Lakini tusiwafukuze kwa moto wala mawe. Popo ndio wachavushaji wa mibuyu na walaji wa wadudu, na kuwasumbua ni kuwatawanya karibu zaidi na vyumba vyetu. Tumwache popo mtini mwake, nasi tulale salama chini ya paa la bibi.