Lamu Peke Yako: Panga Pesa Kuanzia Siku ya Kurudi

Je, umekuwa ukitamani kuiona Lamu, lakini kila ukiwauliza marafiki wanakwambia "mwezi ujao"? Si lazima uwangoje. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, unamfaa sana msafiri wa peke yake mwenye bajeti ndogo. Vichochoro vyake ni vya kutembea kwa miguu, mizigo hubebwa na punda, na mengi ya kupendeza hayana kiingilio.

Lakini ukiwa peke yako, hakuna wa kukukopesha nauli mambo yakienda mrama. Na Lamu ni kisiwa. Pesa zikikatika, huwezi kujitoa kwa miguu. Ndiyo maana tunakushauri upange safari hii kuanzia mwisho wake.

1. Tenga pesa ya kurudi kwanza

Piga hesabu ya boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, na nauli ya kutoka hapo mpaka kwenu. Ongeza pesa ya kulala usiku mmoja zaidi, kwa sababu basi linaweza kujaa au bahari ikachafuka. Hizo ziweke kwenye akaunti yako ya akiba, mbali na salio la matumizi, na usiziguse. Zinazobaki zigawe kwa idadi ya siku. Ya leo ikiisha, mengine ni kesho.

2. Hakikisha jina kabla ya kulipia chumba

"Kimebaki kimoja tu, tuma deposit sasa hivi." Ukisikia hivyo, pumua kwanza. Tafuta namba ya nyumba hiyo wewe mwenyewe, piga uongee na mhudumu, kisha uombe till ya biashara. Jina linalotokea kwenye simu likiwa tofauti na ulilotajiwa, katisha malipo hapo hapo. Kama unaweza, lipia usiku mmoja tu. Zingine utalipa ukishakiona chumba.

Msimu nao una bei yake. Desemba, Agosti na siku za Maulidi vyumba hugombaniwa. Wakati wa masika, Aprili na Mei, wengi hukubali kupunguza.

3. Njiani na gatini

Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Malindi, Garsen na Witu. Uliza hali ya usalama wa barabara kabla ya kukata tiketi, na upande basi la mapema ufike Mokowe jua halijazama. Hapo gatini sema wazi kwamba unataka boti ya abiria wote. Ukikubali "special", utalipia boti nzima peke yako.

Ukishuka Lamu, vijana watajitolea kukupeleka kwenye chumba. Jua kwamba mara nyingi malipo ya huduma hiyo huongezwa kwenye bei yako. "Asante kaka, nimeshapata" inatosha.

4. Kula na tembea kwa kiasi

Asubuhi, mahamri kwa mbaazi yatakushibisha hadi mchana. Jioni, tafuta mishkaki inapochomwa kando ya barabara. Nenda ukaione Ngome iliyokamilika mwaka 1821, ambayo ilikuwa jela hadi 1984. Ufuo wa Shela uko umbali wa kilomita 3 hivi. Subiri maji yakupwe, utembee pwani bila kulipa boti. Ukitaka kupanda jahazi, tafuta wageni wengine mchangie, kwani nahodha kwa kawaida hutaja bei ya safari nzima. Mkubaliane kabla ya kupanda, na mlipe mkisharudi.

Vaa kwa heshima mjini. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, kwa hivyo mwone wakala mapema. Mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi hufunguliwa baada ya magharibi.

5. Simu ndiyo pochi yako

Simu ikizima, pochi imefungwa. Beba pawabenki, na ukipanda boti, weka simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Pesa taslimu kidogo za kutosha chakula na boti ziwe mahali pengine, si mfuko mmoja na simu. Mwachie mtu wa nyumbani jina la unapolala na siku unayorudi.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, omba muamala urudishwe papo hapo, kabla hazijatolewa. Na ukipata SMS kwamba mtu "amekutumia kimakosa", angalia salio lako kwanza. Kama halijaongezeka, hakuna cha kurudisha.

Anza leo kwa kuweka akiba ya nauli ya kurudi, hata kama ni mia mia. Ikishatimia, chagua tarehe. Karibu Lamu!