Mbwa Mlinzi wa Mbuzi: Je, Anaifaa Nyumba Yako?

Tumeulizwa na wazazi wa Columbus na Louisville, hasa walionunua ekari chache nje ya mji ili wafuge mbuzi, iwapo yafaa kuweka mmoja wa wale mbwa wakubwa walalao na mifugo. Wenzetu wa Buffalo wanamtaka kwa haja nyingine: awatishe wezi. Maswali haya mawili hayana jibu moja.

Tuanze na dini. Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mawindo, wa mifugo au wa shamba, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwenye mbuzi, basi, ana ruhusa iliyo wazi. Ama mbwa wa kulinda nyumba tu, wanazuoni wamehitilafiana. Na kwa sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndoo ya kukamulia maziwa na iwekwe asipoifikia.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mbwa huyu hahitaji kuingia ndani hata siku moja. Wachungaji wa Anatolia, Waislamu wenzetu, wamemfuga Kangal karne nyingi, naye akalala nje na kondoo. Huko Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wa asili hiyo, ili duma afukuzwe badala ya kupigwa risasi. Huku kwetu adui ni koyote. Manyoya mazito humwezesha mbwa kustahimili theluji, mradi awe na banda kavu. Lakini hulelewa zizini tangu udogo, na huchukua kama miaka miwili kukomaa.

Sasa fikirini nyumba zetu zilivyo. Mlango haufungwi: watoto wa chuo huja Jumamosi, shangazi hufika bila taarifa, vijana hupigana mieleka uani. Dume la kilo 50 au 60, lililozaliwa na tabia ya kumshuku kila mgeni, laweza kuidhania mieleka ile kuwa ni shambulio. Tena hubweka usiku kucha, kwa kuwa kubweka ndiyo kazi yake. Katika zile nyumba za Buffalo zenye familia moja juu na nyingine chini, jirani atavumilia siku ngapi? Mwenye nyumba je? (Someni mkataba wa kupanga kabla ya kumwuliza.) Kwa wezi, taa na kufuli madhubuti vyatosha.

Sheria za nchi nazo zipo. Ohio hutaka mbwa aliyepita miezi mitatu asajiliwe kwenye kaunti, na huko pamoja na Kentucky mwenye mbwa hubeba dhamana ya madhara anayoyafanya. Chanjo ya kichaa cha mbwa haikwepeki.

Kwa hiyo mwenye kundi, uzio imara na majirani walio mbali, tunamwambia amchukue, ila kwanza alale usiku mmoja kwa mfugaji aliye naye tayari, asikie mwenyewe ile kelele. Mwenye mbuzi watatu aanze na uzio wa umeme, na awafungie bandani kabla ya Magharibi.