Majuto ya mnyonya damu yanauzwa mara mbili

Stephenie Meyer wa Arizona, Marekani, alikuwa mama wa watoto watatu asiyewahi kuchapisha hata kitabu kimoja pale kampuni ya Little, Brown ilipokubali kumlipa dola 750,000 kwa vitabu vitatu. Walichonunua hasa ni Edward Cullen: mnyonya damu aliyetimiza miaka mia na ushee, asiyegusa damu ya watu, na anayejilaumu kwa karibu kila jambo. Twilight kikatoka 2005. Agosti 2008 kitabu cha nne kiliuza nakala milioni 1.3 Marekani katika siku yake ya kwanza, na filamu tano zikaja kuingiza zaidi ya dola bilioni 3.

Mhusika wa aina hii alikuwapo kabla. Mwaka 1976 Anne Rice alimleta Louis, mnyonya damu mwenye msiba usiokwisha. Ila Rice aliwaandikia watu wazima. Meyer aliwalenga wasichana wa sekondari, na mama zao nao wakanogewa.

Kwa mchapishaji, mwanamume mwenye hisia ana faida ambayo mbabe asiyejali hana: hadithi yake inauzika tena. Twilight inasimuliwa na binti, Bella. Katika kipindi cha baiolojia anamwona kijana aliyekaa pembeni yake amekunja ngumi, amejitenga kana kwamba Bella ananuka. Basi. Katika Midnight Sun, kitabu cha baadaye cha Meyer, saa ileile inasimuliwa na Edward, na tunamkuta akipiga hesabu ya namna ya kuua darasa zima ili ampate huyo mmoja, huku akijichukia. Msomaji anajua fika mwisho wake, na bado analipa: kitabu hicho kilitoka Agosti 2020 na kuuza nakala milioni moja katika wiki ya kwanza. E L James, ambaye Fifty Shades yake ilianza kama hadithi ya shabiki wa Twilight, alishafanya vivyo hivyo 2015 kwa kitabu cha Grey. Wahakiki walilalamika kwamba ni kiporo. Ni kweli, lakini kiporo hiki hakihitaji kutafutiwa mteja.

Sasa zamu ni ya mwandishi Sarah J. Maas na mhusika wake Rhysand, bwana mwenye mabawa anayeamshwa na jinamizi la mateso aliyopitia. Mchapishaji wake wa London, Bloomsbury, alifunga mwaka wa fedha wa Februari 2024 na mapato ya pauni milioni 342.7, ongezeko la asilimia 30. Mauzo ya Maas peke yake yalipanda kwa asilimia 161. Mwenye hisa angefurahi, kisha angeuliza kitabu kijacho kinatoka lini. Hapo mkurugenzi hana la kuamuru, kwa sababu anayejua kumliza Rhysand ni mtu mmoja tu, naye huandika kwa kasi yake.