Biti Haiuzwi Peke Yake

Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika ni mteremko kwa mhariri wa video. Video ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde, kila pigo linachukua fremu 15 kamili, na kukata picha kufuata biti kunabaki kuwa hesabu ya shule ya msingi. Mapigo yakifika 128, kasi ya kawaida ya muziki wa house, hesabu inagoma: kati ya pigo na pigo kuna fremu 11 na robo tatu hivi. Ukikata kila fremu ya 12, baada ya mapigo 20 tu picha imeachwa nyuma karibu nusu pigo. Ndiyo maana wahariri walizoea kuusikiliza wimbo wakigonga alama kila biti inapolia, kisha kusogeza klipu moja moja hadi ikae kwenye alama yake.

Siku hizi programu inaimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Inaukatakata wimbo katika vipande vidogo mno vya sauti, inapima wapi nguvu inapanda ghafla, ngoma inapogongwa au besi inapoingia, halafu inatafuta mpangilio unaojirudia. Mwaka 2007 Daniel Ellis wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha njia mojawapo ya kufanya hivyo, na leo imo ndani ya librosa, zana za kuchambua sauti zinazopakuliwa bure. Sasa kitu kinachopatikana bure, utamuuzia nani?

Waliojaribu kujibu swali hilo karibu wote waliishia kuitumia biti kama chambo cha kuuzia kitu kingine. Mwaka 2016 kampuni ya kamera ya GoPro ilitoa dola milioni 105 kununua kampuni mbili kwa mpigo: Stupeflix ya Paris, iliyotengeneza programu ya Replay, na Vemory ya Texas, yenye programu ya Splice. GoPro haikuwa na haja ya kuuza programu. Shida yake ilikuwa wateja waliorekodi mawimbi na baiskeli kwa saa nzima, kisha picha zikalala kwenye kadi kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kuzihariri; na kamera isiyotoa video ya kuwaonyesha marafiki haimshawishi mtu kununua nyingine. Replay ikageuzwa kuwa Quik, inayochagua vipande na kuvipanga juu ya muziki yenyewe. Splice haikukaa: mwaka 2018 iliuzwa kwa Bending Spoons ya Milan. Kampuni hiyohiyo mwaka 2025 ikainunua Vimeo kwa dola bilioni 1.38, na Vimeo ndiyo iliyokuwa imeichukua Magisto, mwanzilishi mwingine wa uhariri wa kujiendesha, mwaka 2019.

ByteDance, kampuni iliyoanzisha TikTok, walikuja kwa mlango mwingine. CapCut yao, iliyotoka nje ya China mwaka 2020, ina templeti: mtu mmoja anakata mara moja kufuata wimbo, na wengine wanachomeka picha zao kwenye nafasi zilizo tayari. Kwa anayechomeka, hakuna biti ya kutafuta. Faida inapatikana kwenye usajili wa wanaotaka zaidi, na kwenye video zinazomiminika TikTok. Januari 2025 CapCut ilipoondolewa kwa wiki kadhaa kwenye maduka ya programu ya Marekani, Instagram ilitangaza mshindani wake, Edits, wikendi hiyohiyo.

Gharama ambayo haishuki ni ya muziki wenyewe. Mwanzoni mwa 2024, Universal Music na TikTok waliposhindwana kuhusu mkataba, nyimbo za wasanii wa Universal zilizimwa TikTok hadi Mei. Video zilizokuwa zimekatwa kufuata nyimbo hizo zikabaki zinarukaruka kimya, na hakuna kichekesho kama hicho. Kwa kampuni kama Epidemic Sound ya Stockholm, inayokodisha muziki ambao haki zake inazimiliki, mgogoro wa namna hiyo ni tangazo lisilolipiwa.

Dar es Salaam ina kipimo chake cha zana hizi: muziki wa singeli. Mapigo yake huvuka 200 kwa dakika, na programu iliyozoea pop mara nyingi huusoma wimbo kwa nusu ya kasi. Hata ikisoma sawasawa, si lazima iwe imesaidia. Kwenye mapigo 240, kukata kila biti ni picha nne kwa sekunde. Kwenye video ya harusi, bibi harusi anapita mbele ya macho bila mama yake kumtambua. Mhariri anayeijua singeli huacha mapigo mengi yapite, anakata pale MC anapoingia au ngoma inapokatika ghafla, na kwa kujua huko bado anaweza kudai malipo yake.