Michuzi ya Nabuyoga na Mpaka wa Busia

Mlo wa Nabuyoga, katika Budama Magharibi wilayani Tororo, ni ugali na kitu cha kuulia ugali huo. Ugali wenyewe ni wa wimbi, mara nyingi uliochanganywa na unga wa muhogo au mtama. Jopadhola huuita kwon, majirani zao Iteso huuita atap, na Wasamia na Wakhayo wa upande wa Busia huuita obusuma. Majina yanabadilika kila baada ya mwendo mfupi, lakini mchuzi unaofuatana nao haubadiliki sana kutoka Tororo hadi Busia ya Kenya: ni mzito, hauna nazi, na kwa asili haukaangiwi kitunguu wala nyanya.

Uzito huo una sababu yake. Huonekana vizuri ukilinganisha na Wakorea, ambao kila mlo wao una kitu cha majimaji mezani na ambao hutenganisha guk, yaani supu nyepesi, na jjigae, mchuzi mzito unaoletwa ukingali unatokota katika chungu chake. Wanaweza kuwa na vyote viwili kwa kuwa wali wao huliwa kwa kijiko. Ugali huliwa kwa vidole. Tonge humegwa, hubonyezwa katikati kwa dole gumba, kisha huchovywa, na supu nyepesi ingechuruzika hadi kiwiko kabla haijafika mdomoni. Kwa hiyo mpishi wa Nabuyoga yuko upande wa jjigae, na ufundi wake mwingi ni ufundi wa kufanya mchuzi ushikamane na tonge.

Kitu cha kwanza katika ufundi huo ni chumvi ya majivu. Mashina ya maharage yaliyokauka, maganda ya ndizi au magunzi ya mahindi huchomwa mpaka yawe majivu meupe. Majivu hayo hutiwa katika chungu kikuukuu kilichotobolewa kitako, au kibuyu, kisha maji humiminwa juu taratibu. Yanayodondoka chini ni ya rangi ya kahawia na huteleza kidogo vidoleni. Waluhya wa Kenya huyaita musherekha. Kikemia, ni maji yenye kabonati ya potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo sana, na kwa hiyo hayafanani na chumvi ya dukani hata kama ulimi unayapokea kama chumvi. Kazi yake kubwa si kuleta ladha. Maji haya ni alikali, na alikali huvunja pektini, gundi inayoshikanisha seli za mmea. Kunde zilizokaa ghalani mwaka mzima hulainika mapema, majani magumu hulegea, na kijani chake hakigeuki kuwa rangi ya matope. Hasara ipo pia: vitamini B1 na vitamini C huharibika upesi zaidi katika alikali, na ndiyo maana mpishi mzuri huitia kwa kiasi. Ikizidi, mchuzi huwa na ladha ya sabuni.

Siku hizi wengi hutumia magadi badala ya majivu, kwa kuwa hununuliwa tayari sokoni. Magadi ni kabonati ya sodiamu, hutoka katika maziwa ya Bonde la Ufa, na maarufu zaidi ni Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako uchimbaji wa kibiashara ulianza miaka ya 1910. Yanafanya kazi ileile jikoni, lakini yana floridi nyingi, ambayo mtoto akiipata kwa miaka mingi meno yake huingia madoa ya kahawia. Kwa hilo, majivu ya bibi ni salama kuliko jiwe la dukani.

Katika michuzi ya majani, mrenda ndio unaoonyesha vizuri zaidi kazi ya alikali. Mmea huu, Corchorus olitorius, ni mmoja wa mijuti inayotoa nyuzi za magunia. Majani yake yana ute, na maji ya majivu huyafanya yalegee na kuutoa ute huo wote. Mchuzi huvutika kama uzi kutoka chunguni hadi kwenye tonge, na mtu asiyeuzoea hushangaa jinsi ya kuukata. Wamisri huuita mulukhiya, na Wayoruba wa Nigeria huuita ewedu. Peke yake mrenda ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na majani ya kunde, yanayotafunika. Kunde hutawala jikoni kwa sababu nyingine: huchumwa majani yake wakati wa mvua, na mbegu zake hubaki kwa ajili ya kiangazi.

Saga, au mgagani, ni chungu. Uchungu huo hupunguzwa kwa maziwa: majani huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, maziwa hutiwa, na chungu huachwa kilale mpaka kesho yake. Mchuzi huu ndio anaopewa mama aliyejifungua katika sehemu nyingi za Kenya ya magharibi. Wakorea wana kawaida inayofanana sana na hiyo: mzazi hupewa miyeokguk, supu ya mwani, kwa wiki kadhaa, na mtoto hula supu hiyohiyo kila siku yake ya kuzaliwa, kwa kumbukumbu ya mama.

Hata hivyo, chungu kinachostahili kuitwa cha Budama ni magira, mchuzi wa kunde kavu. Mbegu huparazwa juu ya jiwe la kusagia mpaka zipasuke vipande viwili, kisha hupetwa ili maganda yaondoke. Kazi hii huchukua muda, na ndiyo inayotofautisha magira na kunde za kuchemsha za kila siku. Vipande hupikwa kwa maji ya majivu mpaka viyeyuke vyenyewe bila kupondwa, huku mwiko ukizungushwa ili visishike chini. Mwishoni huingia karanga za kusaga au simsim. Matokeo ni mchuzi wa rangi ya udongo mwepesi, laini, usio na nyuzi wala ngozi, na wenye nguvu ya kumwezesha mtu kulima mpaka alasiri. Walango na Waacholi wa kaskazini wanaupika pia, wakiuita agira. Kwa mlaji anayeijua Nabuyoga kwa chakula chake tu, huu ndio wa kuanza nao.

Karanga huonekana karibu kila mahali. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na robo hivi ni protini, kwa hiyo kijiko kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa hufanya kazi ya mafuta ya kukaangia na ya unga wa kuongeza uzito. Hutiwa moto ukiwa mdogo, zikiwa zimekorogwa kwanza na maji ya uvuguvugu, kwani zikitupwa kavu huganda madonge. Karanga zilizovunda hazifai hata kidogo: sumukuvu inayotolewa na kuvu haiharibiki kwa moto wa jikoni, na punje iliyosinyaa au iliyobadilika rangi hutupwa kabla ya kukaangwa.

Ndani ya mchuzi wa karanga huingia vitu kutoka mbali. Mlima Elgon huleta malewa, machipukizi ya mianzi ya Wagisu yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hulowekwa na kuchemshwa kabla ya kukutana na karanga. Ziwa Victoria huleta samaki kupitia Busia: kambare wa moshi, na dagaa, ambao upande wa Kenya ni omena na upande wa Uganda ni mukene. Dagaa wengi huanikwa juu ya mchanga, kwa hiyo hukaangwa wakavu na kuoshwa kwa maji moto mara mbili au tatu, la sivyo meno yatajua. Sangara, aliyeingizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, aliongeza mchuzi ambao haukuwepo: minofu yake ilipoanza kwenda viwandani na kuuzwa Ulaya, kichwa na mifupa vilibaki kwa wenyeji, na Wakenya wakaviita mgongo wazi. Vikichemshwa polepole hutoa supu nzuri yenye mafuta, ingawa jina lake linabeba uchungu wa waliobakiziwa mifupa.

Kuku ni wa mgeni na wa sikukuu. Wa kienyeji ana misuli migumu, kwa hiyo huchemshwa muda mrefu kwa maji yake mwenyewe na chumvi, na karanga huongezwa kwa wanaotaka. Kwa Waluhya firigisi, imondo, ni ya mwenye nyumba au ya mgeni aliyeheshimiwa, na kumnyima ni kumtukana. Katika jamii kadhaa za Uganda wanawake walikatazwa kuku na mayai kabisa, huku wao ndio waliompika. Mwiko huo umelegea, na leo mwanamke aliyekesha jikoni hukaa akala paja kama wengine.

Mvua zinapoanza, kumbikumbi hutoka vichuguuni. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, huanikwa, na wanaobaki hutwangwa na kutiwa katika mrenda mahali pa karanga.