Mashini kwanza, taa baadaye

Wandugu wa koperative, kila tukifika Bunagana swali ni lile lile: umeme wa Matebe utatufikia lini? Na sisi tunauliza: ukifika, utafanya kazi gani?

Mto Rutshuru unatoka ziwa Mutanda, kule Uganda, unashuka hadi ziwa Edouard. Tangu Desemba 2015, pale Matebe maji yake yanazungusha mitambo ya megawati 13 hivi. Lakini nguzo na waya ni bei kali, na nyumba yenye taa tatu hairudishi gharama hiyo upesi. Mashini ya kusaga ya kilowati 10 inakula kwa saa moja umeme sawa na taa 1,000 za wati 10. Tena inakula mchana, wakati taa zimezimwa. Kwa hiyo koperative inayoomba waya kwa ajili ya mashini ina hoja nzito kuliko watu mia wanaoomba mmoja mmoja. Kule Mutwanga, mtambo mdogo wa maji ulianza 2013, na kiwanda cha sabuni ya mawese kikaufuata.

Leo wengi tunasaga kwa mazutu. Inapanda toka Mombasa, inavuka Uganda nzima, kila mkono unaongeza chake, na mkulima analipa yote kwenye debe la mahindi. Ila mota ya zamani msiuze kwanza: mapigano yakikata waya, watoto bado watataka bukari.

Jikoni ni habari ingine. Maharage yanachemka saa mbili, tatu (yalowesheni usiku, yataiva upesi), na hata Goma penye umeme babula haijazimika. Makala mengi ya Goma yametoka kwenye parki ya Virunga, ambako kuchoma ni marufuku. Mpango wa EcoMakala, ulioanza 2007, ulisaidia wakulima kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe. Mkaratusi unakatwa baada ya miaka 5 hadi 7, kisha unachipuka tena. Karibu na chemchemi usiupande, unakunywa sana.

Tanuru ya kienyeji inatoa kilo 10 hadi 15 za makala kwa kilo 100 za kuni. Kuni zikiwa kavu kabisa, zikapangwa kwa kubana na bomba la moshi likawekwa, zinaweza kupita 20. Mkishakata, acheni machipukizi 2 au 3 kwa kila kisiki. Mengine yaondoeni yangali laini.