McLaren F1 GTR: Gari la Barabarani Lililotwaa Le Mans

Je, wajua kuwa gari lililoshinda Saa 24 za Le Mans mwaka 1995 lilikuwa na nguvu pungufu kuliko pacha wake wa barabarani? McLaren F1, ambalo tajiri yeyote mwenye leseni angeweza kuliendesha hadi dukani, lilitoa nguvu za farasi 627. F1 GTR, toleo lake la mashindano, lilibanwa pumzi na vidhibiti vya hewa vilivyodaiwa na kanuni, likabaki na takribani 600.

Na F1 lenyewe halikukusudiwa kushindana hata siku moja.

Wazo la McLaren F1 lilizaliwa uwanja wa ndege wa Linate, Milan, mwaka 1988. Wakuu wa McLaren walikuwa wakisubiri ndege baada ya mbio za Monza, mbio pekee za Formula One walizopoteza msimu ule kati ya 16. Miongoni mwao alikuwa Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, aliyesomea uhandisi mitambo mjini humo, akajiundia gari lake mwenyewe la kushindania, kisha akahamia Uingereza mwaka 1969. Sasa alitaka kuunda gari bora la barabarani kuliko yote.

Murray alikuwa adui wa uzito. Mwili wa gari aliuunda kwa nyuzi za kaboni, kama wa magari ya Formula One. Wakati huo ni magari machache sana ya barabarani yaliyouzwa yakiwa na mwili wa namna hiyo. Dereva aliketi katikati, abiria wawili wakiwa pembeni, nyuma yake kidogo. Injini ilikuwa ya BMW, lita 6.1 na silinda 12, kazi ya mhandisi Paul Rosche. Chumba chake kilifunikwa kwa karatasi ya dhahabu, si kwa fahari bali kwa sababu dhahabu hurudisha joto vizuri sana.

Mwaka 1994 Jürgen Barth, Patrick Peter na Stéphane Ratel walianzisha mashindano ya BPR kwa ajili ya magari ya GT, yaani yale ya kifahari ya safari ndefu. Wateja wawili, Ray Bellm wa Uingereza na Thomas Bscher, mwanabenki wa Ujerumani, wakamwendea Murray: tutengenezee F1 la kushindania. Akakataa. Wakamng'ang'ania mpaka akakubali.

Mabadiliko yalikuwa machache. Mafundi waliweka kizimba cha chuma cha kumkinga dereva, bawa kubwa la nyuma la kuligandamiza gari chini, na breki za kaboni. Yalitengenezwa magari tisa kwa msimu wa 1995, na Bscher akatwaa ubingwa wa BPR pamoja na John Nielsen. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bellm, akiwa na James Weaver.

Katikati ya msimu ule wa 1995 ilikuja Le Mans. GTR saba zilianza. Magari yaliyoundwa mahsusi kwa mashindano yalikuwa mepesi na yenye kasi kuliko hizo, na wengi waliamini kuwa giaboksi ya gari la barabarani haiwezi kustahimili saa 24. Lakini mvua ilinyesha sehemu kubwa ya mbio, na barabara iliyoloa haijali sana nguvu za injini.

Usiku ule, JJ Lehto wa Finland aliukamata usukani wa gari namba 59. Lilikuwa gari la kwanza kabisa la GTR, lile ambalo kiwanda kilikuwa kikilifanyia majaribio. Wenzake waliona pengo likipungua kwa sekunde nyingi kila mzunguko. Mbele yao lilikuwa gari lenye nembo ya Harrods, ambalo Derek Bell, mshindi mara tano wa Le Mans, aliliendesha kwa zamu na mwanawe Justin na Andy Wallace. Zikiwa zimesalia kama saa mbili, klachi na gia zikalisumbua, na namba 59 likapita.

Lehto, Yannick Dalmas na Masanori Sekiya walimaliza mizunguko 298, mmoja zaidi ya gari la Courage la Mario Andretti, Bob Wollek na Éric Hélary. Sekiya akawa Mjapani wa kwanza kushinda mbio hizo. McLaren nyingine zilishika nafasi ya tatu, ya nne na ya tano.

Washindani wakajifunza kugeuza kanuni kichwa chini. Badala ya kulipeleka gari la barabarani uwanjani, Porsche waliunda kwanza gari la mbio, 911 GT1, kisha wakatoa machache ya barabarani ili kutimiza masharti. Mercedes walijinunulia F1 GTR moja, wakalitumia kwa majaribio, halafu wakaleta CLK GTR. Kwa msimu wa 1997 McLaren walijibu kwa kulirefusha GTR mkia na kulipunguzia uzito. Lilishika nafasi ya pili Le Mans na kuongoza kundi lake, lakini ubingwa wa GT ulikwenda kwa Bernd Schneider wa Mercedes.

Ili mkia huo mrefu ukubaliwe, McLaren nao walilazimika kutengeneza magari ya barabarani yanayofanana na lile la mbio. Yako matatu tu. GTR zenyewe zilikuwa 28 kwa jumla, na baadhi ya wamiliki wamezirekebisha wakazifunga namba za usajili. Zinasimama kwenye taa nyekundu pamoja na magari mengine, kizimba cha chuma kikiwa bado ndani.